Jini la Bluu Haliuzwi

Iftin, Garissa

Mama yangu, shikamoo.

Vipi goti lako? Bado linakusumbua ukiamka, au zile dawa zimeanza kufanya kazi? Na paa la jikoni, limezibwa au bado mnapika huku mmetega sufuria za mvua? Mimi huku sijambo, ila jua la Garissa limenichoma mpaka ukiniona utasema nimebadilishwa. Kazi haiishi. Kila duka hapa lina friji, na friji zote zinaugua siku moja, siku ile ile ya joto kali. Nakula vizuri. Maziwa ya ngamia nayanywa sasa bila kukunja uso. Swala sikosi. Kwa hayo usiwe na wasiwasi.

Sasa tuje kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kwenye simu hunipi nafasi, mama. Nikitaja gari tu, unasema mtandao mbaya, unakata. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini nakujua, hutaichana kabla mdogo wangu Mwanasiti hajakusomea mpaka mwisho.

Mjomba Kombo alinipigia kunijulisha kwamba amepata mtu Changamwe wa kulichinja gari: injini iuzwe peke yake, milango peke yake, viti peke yake. Akasema wewe umeshakubali, kazi yangu mimi ni kulileta tu. Hakuniuliza, aliniambia. Jibu langu ni hili, na Mwanasiti alisome kwa sauti, asilimung'unye: siliuzi. Mjomba hata aje Garissa kwa miguu, siliuzi.

Najua unaliita jini la bluu. Najua kila ukilikumbuka unaona mguu wa kaka Salim. Lakini nisikilize kwa mara moja tu. Siku ile gari lilikuwa limezimwa. Lilikuwa juu ya jeki pembeni mwa barabara, Salim amechuchumaa anabadilisha tairi, ndipo lori likaja likatoka njiani. Gari halikumfanya kitu. Mimi na Salim tuliijenga ile Impreza kwa mikono yetu, jioni baada ya kazi, tukaifungia turbo kubwa, silensa pana, tukaishusha mpaka tumbo likawa linakwaruza kila tuta la Kisauni. Majirani walikuwa wakituambia tumepata wazimu. Haya, tulipata. Ulikuwa wazimu wetu na tuliupenda.

Halafu Salim akarudi kutoka hospitali bila mguu wa kushoto, nawe ukakusanya spana zake zote ukampa Mjomba. Ulimuuliza? Hukumuuliza. Ukasema ameshasahau mambo ya magari. Basi leo nakuambia usilolijua. Ukiwa jikoni, Salim hunipigia. Hasalimii sana. Husema, "Bakari, liwashe nisikie." Mimi hutoka nje, nikaweka simu karibu na boneti, nikaliwasha. Siku moja alisikiliza kidogo tu, akaniambia, "Plagi moja imechoka hiyo, ya upande wa kushoto." Nikaitoa, kweli ilikuwa imechoka. Mtu aliyesahau magari ndiye huyo, mama?

Pedali ya klachi iko kushoto, na mguu wa Salim uliobaki ni wa kulia. Hicho tu ndicho kinachomzuia. Naye hataki kusikia habari za gia za kujiendesha. Nilipomtajia siku moja alinitukana vizuri sana, nikafurahi, maana nilikuwa sijamsikia akitukana tangu hospitali.

Hapa Iftin nina rafiki, fundi Dekow. Anatengeneza tuktuk mchana kutwa, lakini moyo wake uko kwenye magari ya mbio kama mimi. Yeye ndiye aliyenisaidia kulipandisha gari juu, maana ukileta hapa gari lililolala chini utalichimbua mchangani mwenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunika njia ya hewa ili vumbi lisiingie kwenye turbo. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye karakana yake namwangalia akijaribu tuktuk aliyoimaliza. Mkono wa kushoto unabana klachi, mkono ule ule unazungusha gia. Miguu haina habari. Nikaruka. Nikamwambia, "Dekow, hii nataka iingie ndani ya Impreza."

Akanitazama, akauliza kwa Kiswahili chake cha Kisomali: "Wewe nataka tuktuk ya mbio?"

"Nataka gari la kaka yangu."

Mara ya kwanza tulifunga kile kishikio cha klachi ya tuktuk kwenye fimbo ya gia, na waya wake wenyewe. Ukakatika hapo hapo, twaa! Klachi tuliyoweka mimi na Salim ni ya mbio, ngumu kama nini, hata mguu mzima unaichukia. Tukaitoa, tukarudisha ile laini. Tukatafuta waya mnene zaidi. Tukachukua kile chombo kinacholainisha pedali ya breki kutoka kwenye gari bovu, tukakiunganisha kisaidie mkono. Ikalainika, mama. Hata wewe ungeibana huku unakuna nazi. Na usidhani tumeligeuza gari la wazee. Turbo iko pale pale, na ukikanyaga mafuta linakusukuma mgongo kama zamani.

Tatizo likawa mimi. Kila nikijaribu, mguu wangu wa kushoto unarukia pedali wenyewe. Dekow akakasirika. "Wewe nadanganya, walaal, ndugu yangu. Mguu yako nasaidia kwa siri." Akaenda kuchukua kamba. Kwao ni wafugaji, na ngamia asitoroke hufungwa mguu ukiwa umekunjwa gotini. Basi nami nikafungwa hivyo hivyo, mguu wa kushoto umekunjwa nyuma, nikapachikwa kwenye kiti cha dereva. "Sasa ngamia natulia," akasema. "Twende, bole bole."

Tulikwenda uwanja mgumu nyuma ya soko la mifugo. Nikazimisha gari mara nyingi sana, sitaki hata kukuambia. Mzee mmoja aliyekuwa akipitisha ngamia zake akaja dirishani, akauona mguu wangu, akaongea na Dekow kwa Kisomali. Nikadhani atanihurumia. Wapi! Alikagua fundo, akasema limefungwa kizembe, akaingiza mkono akalifunga upya, barabara, kisha akaendelea na safari yake.

Alasiri ikaingia. Binamu yake Dekow akapita na pikapu akielekea msikitini. Dekow akadandia, akanipungia mkono, wakaenda. Nami nimebaki uwanjani peke yangu, nimefungwa kama mnyama wa mtu! Nilivuta lile fundo, nikalisokota, nikaliuma kwa meno karibu nivunjike kiuno. Mzee wa watu alikuwa amefanya kazi yake. Kisu sina, mtu wa kumwita sina, na ndani ya gari joto linanipika.

Nikasema, haya. Kama ni hivyo, twende.

Nikaliwasha. Nikabana klachi kwa mkono, nikatia gia, nikaachia polepole, likaondoka. Nikatia ya pili. Mguu hukuruka, ungerukia wapi? Nikatoka uwanjani, nikaingia barabarani katikati ya tuktuk zinazokata mbele yangu bila kuuliza, mbuzi hawa hapa, mikokoteni ile pale. Simama, bana, gia, achia. Halikuzima hata mara moja. Mama, nilikuwa nacheka peke yangu, jasho linaniingia mdomoni, nacheka.

Nilipofika msikitini swala ilikuwa imekwisha, Dekow anatoka anavaa viatu. Akaja mpaka dirishani, akauona mguu.

"Kwa nini hukufungua?"

"Sijui kufungua!"

Akanishangaa kweli kweli. "Wallahi, nafikiri unajua. Kila mtoto najua kufungua ngamia." Akatazama gari, akatazama barabara niliyotokea. "Sasa umekuja na nini?"

"Nimekuja na mkono."

Akapiga paa la gari kwa kiganja, akacheka mpaka watu wakajaa. Mimi nikashuka ili niende kutawadha nami niswali, kamba bado iko mguuni, nikirukaruka kwa mguu mmoja huku nimeshika ukuta. Pale bombani kuna vidaraja viwili vifupi vya kupanda. Viwili tu. Nilivitazama, nikamkumbuka Salim na ngazi zetu za nyumbani anazopanda kila siku bila kusema neno, na mimi sikuwahi hata kumuuliza. Nililia pale, mama, mbele za watu, na sikujificha. Dekow akapiga magoti akalifungua fundo.

Basi usiniambie tena kuhusu mtu wa Changamwe. Unaogopa, nami nakuelewa. Mwana akirudi kwako nusu lazima umkumbatie kwa nguvu. Lakini unamkumbatia mpaka hapumui. Nikasirikie mimi, nimezoea. Ukitaka usiniandalie futari mwaka mzima. Gari linakuja nyumbani kabla ya Idi, na linakuja zima.

Nisalimie shangazi Mwanaharusi, mwambie udi alionipa nauchoma chumbani na majirani wote wa Iftin wanauliza umetoka wapi. Msalimu Bi Rehema jirani yetu mpika mahamri, aliyekuwa akitupigia kelele tukilijaribu bomba la moshi mlangoni kwake, mwambie ajiandae. Mjomba Kombo naye umpe salamu zangu za heshima, na umwambie arudishe zile spana.

Ndani ya bahasha kuna kitu kimefungwa kwa kitambaa. Usikifungue wewe. Ni ufunguo wa gari, ule wenyewe, wenye kile kipande cha ngozi alichokishona Salim kwa mkono wake. Mimi nimebaki na wa akiba wa kulileta gari nyumbani. Mpe Salim mkononi, mbele yako na mbele ya Mjomba, na Mwanasiti amsomee habari ya kamba. Akisema hataki, anipigie yeye mwenyewe, si wewe wala si Mjomba, na mimi mwenyewe nitalipeleka Changamwe likachinjwe, sitanung'unika. Lakini akiufumba mkono wake juu ya ufunguo ule, mama, usijaribu kuufumbua.

Ni mimi mwanao asiyesikia, anayekupenda,

Bakari