Mama Yako Bado Yuko Mlimani

Maren mwanangu,

Supu iko kwenye friji, ipashe moto. Mbwa hajala. Judith akipiga simu ~~usipokee~~ pokea.

Alipiga asubuhi hii. Ameshuka mlimani peke yake, bila mama yako. Juzi mama yako aliteleza chini ya kilele akavunjika mguu. Judith akamwacha hemani na chakula chote, akatembea siku mbili kutafuta msaada. Alikuwa analia: "Wendell, nisamehe, yeye ndiye aliyenifukuza niende." Nikamjibu, "Ungekuwa mwenzake kweli, usingemwacha," nikakata simu. Mwambie nimekosa. Ametembea mpaka nyayo zake zote mbili zimechubuka.

Helikopta haiwezi kuruka kwa mawingu. Waokoaji wanapanda kwa miguu saa sita mchana. Wameniambia nibaki nyumbani. Nibaki nifanye nini? Mimi niliyekuwa namcheka mama yako kwamba anapenda kulala jirani na dubu, leo nitawabebea hata kamba, wakitaka wasitake.

Usinifuate, tafadhali. Ukiogopa nenda kwa shangazi Gwen kule Lander. Mimi pia naogopa.

Mlango usiutie komeo. Mama yako hakuchukua ufunguo.

Baba