Simu Zilizofungiwa Dukani kwa Ahmadi

Kitongoji cha Misheni,
S.L.P. 614,
Morogoro.
12 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Jastin,

Pokea salamu za huku milimani. Mwanza mnaendeleaje? Wifi Janeth kile kifua kimemwachia? Mimi mzima wa mwili, ila hasira zimenijaa, sitakuficha.

Mama amekudokezea tu kwenye simu; usishtuke, baba yuko hai. Ijumaa mchana aliteleza kwenye matuta ya kabichi, mguu ukavunjika hadi mfupa ukatokeza nje. Amelazwa hospitali mjini.

Unajua kwetu mtandao haushiki hata upande juu ya paa. Unashika dukani kwa Ahmadi tu, na sola iko hapohapo. Basi simu za kitongoji kizima zinashinda kwake, zimetundikwa kwenye misumari, jioni kila mtu anachukua yake. Nilikimbia hadi dukani nikakuta kufuli, Ahmadi kateremka msikitini. Simu zinaita ndani, mimi nahangaika nje! Nilipiga ule mlango mateke mpaka nikaumia kidole.

Ingekuwepo ile simu ya mezani ya zahanati, Sista angeinua mkono wa simu tu, na hospitali wangejua gari lije wapi. Lakini waya ulipokatika watu wakasema wa nini tena, kila mtu ana simu yake. Kila mtu ana simu yake! Na wewe ndiye uliyetucheka kuliko wote, eti tumebaki zama za mkoloni.

Wanaume walimbeba kwa machela hadi barabarani, baba analia njia nzima. Daktari anasema angewahishwa, mguu ungeunga vizuri. Sasa hata akipona, matuta yale hatayapanda tena. Mtu ambaye hajawahi kununua mboga maishani mwake, Jastin.

Jioni Ahmadi, masikini, alileta mwenyewe simu yetu, anaomba radhi kama yeye ndiye aliyemwangusha. Kuangalia, aliyekuwa anapiga mchana ule ni wewe. Nililia.

Mama anakusalimu sana, na mjomba Deogratias pia. Wabusu watoto. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Umemwambia mama utatuma simu nyingine, kubwa zaidi. Usitume. Maumivu yakimzidi, baba anakuita wewe kwa jina. Panda basi uje.

Ni mimi dada yako, nakupenda na hasira zangu zote,
Rosa