Dinosaria wa Ruashi

Da Zuhura mpenzi,

Salamu kutoka Lubumbashi, ambako vumbi jekundu linafika mpaka ndani ya chai. Yule dinosaria mla nyama niliyewatambia hapo nyumbani nimemaliza kumchora, kwenye ukuta wa shule huku Ruashi. Meno ni kama visu. Miguu nimeiiga kwa kuku wa jirani. Nikasimama pembeni kusubiri watu wakimbie.

Akaja mama mmoja na sufuria. Huku ukiona mnyama kachorwa ukutani, ujue ndani wanauza nyama yake.

“Papa, kuku iko? Na bukari?” Bukari ndiyo ugali wao.

“Mama, huyu ni dinosaria. Alikufa zamani sana.”

“Alikufa zamani, na munauzishia bantu?”

Akaondoka akiwaonya hao “bantu”, yaani watu, waliokuwa wakipita njiani. Mchana direkta wa shule akaja na kopo la rangi nyeupe. Nikajua anamfuta!

“Artiste, andika pale chini: Hapa hatuuzishake kuku.”

Nimeandika hivyo hivyo, kwamba hatuuzi. Kila anayepita anasifu herufi.

Nimewakumbuka mno. Mama mwambie watu walikimbia.

Mdogo wako,
Hamisi