Viwanja Viwili vya Kambi, Bomba Moja

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada nikiwa bado na pumzi ya kuuomba. Mimi ni mwalimu mstaafu, mjane, moyo wangu umechoka na daktari hakunificha. Nina wana wawili wasiosemezana tangu karavani ya marehemu baba yao, ile nyumba ya magurudumu tuliyolala kila likizo katika kambi ya umma kando ya ziwa, ilipovutwa na watu wa vyuma chakavu, na kitinda mimba akaapa kwamba kaka yake ndiye aliyeiuza, na kaka mtu akanyamaza, maana aliyeiuza ni mimi, sikuweza tena kufungua dirisha kila asubuhi na kuiona pale uani, nikamsihi asiseme, naye hajasema hadi leo.

Sasa kambi ile nimeitafuta mtandaoni, nikavizia siku ya kufunguliwa nafasi, na nikawahi viwanja viwili vya kupigia hema vilivyopakana, bomba moja la maji, sehemu moja ya kuwashia moto, kimoja kwa jina la huyu na kingine kwa jina la yule, na kila mmoja anadhani atakuwa nami peke yake. Mdogo aliniuliza kwenye simu, "Mama, yule mwanao muuza vyuma hatakuwepo?" Nikamjibu, "Tutakuwa mimi, wewe na mbu." Akacheka, mshauri, kicheko cha baba yake kabisa.

Niache wakutane bombani, au nifute?

Mama wa wawili

*

Mama, shikamoo, na pole sana.

Lakini mwalimu mzima, umetega mtego wa panya, nao hunasa waliomo na wasiokuwemo. Unataka kambi iseme ulichonyamazia wewe. Bomba halina mdomo, mama. Mkubwa wako amebeba mzigo wako miaka yote hii, na bado unataka akatukanwe tena mbele yako, akiwa ameshika ndoo. Na moyo ukisimama kabla ya safari? Watakuzika huku wamepeana migongo.

Usifute. Viwanja vya kando ya ziwa ukiviachia vitachukuliwa kabla hujavaa miwani. Mpigie mdogo leo, bila salamu ndefu: "Karavani niliiuza mimi." Kisha nyamaza. Akipiga kelele, msikilize. Ni haki yake. Halafu mpigie mkubwa umwambie, "Mwanangu, nimeutua mzigo. Asante, na unisamehe." Kila mmoja ajue jirani yake kambini ni nani.

Atakayekataa, usimbembeleze, na kiwanja chake usimpe mtu mwingine. Kibaki wazi kwa jina lake. Wewe nenda na atakayekubali, ukae, kiti chako kikiwa kimeelekea lango la kambi.