Mama na Manesi Wake wa Kwenye Runinga

Jumamosi. Mvua imeanzia ziwani alfajiri, na mpaka jioni hii bado inapiga mabati ya hapa Mkuyuni. Moyo wangu nao haujatulia.

Nipo nyumbani tangu Jumatano. Nimewaambia chuo kimetupa likizo.

Uongo. Nimetoroka.

Basi Mama ana tamthilia yake. Ni ya zamani, ya Kizungu, haina hata rangi, inahusu wasichana wanaosomea unesi. Kaka alimwekea kwenye flashi nilipoanza chuo, maana alitaka kuona mwanawe anasoma nini. Kiingereza hajui, kwa hiyo maneno anayatunga mwenyewe. Yule metroni mkali amempa jina la jirani yetu anayegombana na kila mtu bombani. Leo nimecheka mpaka mbavu zikauma, mimi niliyekuja na huzuni zangu.

Halafu ikaja sehemu moja. Mgonjwa amekufa, pazia limevutwa, mwanafunzi amesimama na beseni mkononi. Anatakiwa kumwosha.

Nikaacha kucheka.

Kwetu maiti anaoshwa na kina mama watu wazima. Msichana ambaye hajazaa hasogei karibu. Lakini wiki hii wodini alifariki bibi mmoja aliyezoea kuniita mjukuu wake, na mimi na sista wa zamu ndio tuliomwosha. Tangu nifike hapa sijambeba mtoto wa kaka hata mara moja. Nasingizia mafua. Naiogopa mikono yangu, jamani.

Mama akapunguza sauti ya runinga. Hakuniangalia. Akauliza, "Na wewe wameshakupa kazi hiyo?"

Machozi yakanitoka. Nikamweleza yote, na kwamba chuoni sirudi tena.

Hakunipa mawaidha, na kwa mawaidha Mama hajambo. Aliuliza tu kama tulimwosha vizuri. Nikasema tulitumia maji ya vuguvugu, na mwisho nikamchana nywele, ingawa hakuna aliyeniagiza.

Akaenda chumbani kwa wifi, akarudi na mtoto, akaniwekea mapajani.

"Mbebe. Mikono iliyomchana bibi wa watu nywele haina mkosi."

Mtoto mwenyewe akanikojolea papo hapo. Tukacheka wote, mimi huku nalia.

Sare yangu nimeshaifua, nimeianika barazani. Kwa mvua hii, itakauka kweli kabla ya Jumatatu?