Kamba ya Kuogea Ras Mellah

Ras Mellah, 2 Julai 1996

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi. Kifua kinaendeleaje? Bado wanakuamsha alfajiri kukupima joto? Sisi nyumbani wazima. Shangazi Zohra magoti yanamsumbua, lakini mdomo hauna maradhi. Jana amegombana na watu wa taka kwa sababu lori limepita saa moja badala ya saa mbili, na ndoo yake ikabaki imejaa. Amewaambia wewe ukitoka hospitali watakoma.

Msimu umeanza. Trekta la kuchana mchanga limetengenezwa, mabomba ya kujioshea yanatoa maji, matatu kati ya matano. Sherehe ya Awussu ni tarehe 25 kama kawaida, mji mzima kuingia majini asubuhi pale mbele ya mwamba wa Jabali. Na kuna habari ambayo Bwana Munsif wa manispaa alitaka uipate kwangu: siku hiyo watakutunuku. Wamechonga kibao cha marumaru cha kubandika kwenye kibanda cha waokoaji: "Tijani, miaka thelathini na mmoja, hakufa mtu." Shangazi alilia aliposikia, halafu akauliza kama marumaru ni ya hapa au ya kuletwa.

Sasa nikuulize kama mkuu wangu wa kazi, si kama baba. Alhamisi iliyopita mke wa mtu wa posta alikuwa anaoga karibu na Jabali, maji ya kifuani tu, nikamwona anarudi nyuma huku anatembea mbele. Nilimkuta mbali, midomo imekuwa buluu. Kesho yake nilitupa tikiti maji palepale. Lilisimama kidogo, halafu likaondoka kuelekea nje kama lililoitwa. Upepo ulikuwa wa mashariki.

Je, pale pana mkondo? Nafikiri kuihamishia kamba ya kuogea na maboya yake upande wa magharibi, watu waogee mbele ya soko la zamani la samaki. Nijibu haraka.

Binti yako,
Raudha


Hospitali, 6 Julai

Binti yangu Raudha,

Barua yako imenikuta nimekaa kitandani nakula supu isiyo na pilipili, adhabu ambayo simwombei mtu. Kifua ni kilekile. Daktari ni kijana, anasema tutaona, na mimi nasema tutaona.

Kamba iache ilipo. Watu wa Ras Mellah wanaoga mbele ya Jabali tangu kabla sijazaliwa. Mke wa mtu wa posta hajui kuogelea wala kusimama, nilimwona harusini kwake. Na tikiti maji ni la kula.

Ya kibao sawa. Mimi siwezi kuja, Shangazi yako akipokee. Mwambie asihutubie.

Baba yako


Ras Mellah, 11 Julai

Baba,

Natumai supu imepata chumvi. Huku joto, na watu wa ndani ya nchi wameanza kuja, kila nyumba ina wageni sebuleni.

Sikuridhika na jibu lako, nisamehe. Nimetupa matikiti mengine manne. Upepo ukiwa wa kaskazini yanarudi ufukweni. Ukivuma wa mashariki siku mbili au tatu, yanaondoka yote, kwenye mfereji uleule kando ya Jabali. Nilimpelekea Bwana Munsif habari hizo. Alinisikiliza vizuri, akanimiminia chai, akasema, "Raudha, jukwaa limeshajengwa pale. Vyoo vimeshapelekwa pale. Na baba yako ametuogesha pale miaka thelathini na mmoja bila hata mtu kukwaruzwa. Leo wewe una miaka mitatu kazini unaniletea matikiti?"

Nilimaliza chai yake nikaondoka. Lakini njiani kurudi nilikumbuka jambo. Nilipokuwa na miaka minane au tisa, kulikuwa na siku ambazo uliivuta kamba karibu kabisa na ufukwe, maji ya magotini, ukawaambia watu leo majini kuna konyeza, wale wadudu laini wanaowasha. Watu walilalamika lakini walikutii. Mimi nilikaa kibandani siku hizo, Baba, na kazi yangu ilikuwa kuwatafuta hao konyeza kwa darubini yako. Sikuwahi kumwona hata mmoja. Na nguo ulizoanika kwenye kamba ya nyuma ya kibanda zilikuwa zinapepea kuelekea mlimani. Upepo wa mashariki.

Ulijua. Kwa nini hukuwaambia? Na mimi ulinifundisha kupiga mbizi, kufunga mafundo, kumpumulia mtu, kwa nini hili hukunifundisha?

Nasubiri.

Raudha wako


Ras Mellah, 17 Julai

Baba,

Siku sita hakuna barua. Nilipiga simu hospitali kutoka posta, wakasema unakula na unatembea mpaka bustanini. Basi u mzima, na hutaki kuandika.

Kibao kimefika. Shangazi amekifunika kwa mfarishi, anakifunua kila mgeni akija. Manispaa imekataa ombi langu la bendera nyekundu siku ya sherehe. Gari la matangazo linazunguka mji mzima: Awussu, Awussu, mbele ya Jabali, tarehe 25, njooni na familia.

Redio inasema kuanzia tarehe 22 upepo utageuka, uwe wa mashariki.

Sili vizuri. Nakuomba neno moja tu.

Raudha


Hospitali, 21 Julai

Raudha, binti yangu,

Sikuulizi hali wala sikupi yangu. Barua hii nimeichana mara tatu. Hii ya nne naipeleka posta mwenyewe nisije nikaichana tena.

Mkondo upo. Nimeujua tangu Julai ya mwaka 1968.

Mwaka ule kulikuwa na msichana anaitwa Mbarka, wa kijiji cha Ain Snouber, kibarua katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja hapo mjini. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Wanawake walikuja kufua sufu baharini, kando ya Jabali, siku ya tatu ya upepo wa mashariki. Fungu la sufu likamponyoka, akalifuata. Mimi sikuwepo kibandani. Nilikuwa upande wa pili nakunywa chai na wageni waliokuja kuikagua pwani kwa ajili ya hoteli mpya. Nilisikia makelele. Niliogelea mpaka nikakishika kilemba chake, na kilemba ndicho nilichorudi nacho.

Baada ya siku mbili nilimkuta chini ya mnara wa taa. Mkubwa wangu wa wakati ule, sasa marehemu, aliniambia, "Hoteli inafunguliwa Jumamosi, na wewe hukuwa mahali pako." Akaandika kwamba msichana ameacha kazi na kuondoka. Wanawake wale waliambiwa ameokolewa na kurudishwa kwao. Tulimzika asubuhi, mimi na mchimba makaburi, sehemu ya wageni, bila jina.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Msimu wa zeituni baba yake alikuja. Mtu mrefu, viatu mkononi ili visiharibike kwa mchanga. Alisimama mbele ya kibanda akaniuliza kama nimemwona binti yake. Nilimwambia nilimwona akipanda basi la kwenda mji mkuu, ana sanduku. Akanishukuru.

Toka hapo, upepo ukigeuka, nilivuta kamba na kusema konyeza. Sikukufundisha kwa sababu ungeuliza nilijuaje. Ungeuliza tu, nakujua.

Hamisha kamba. Wakikataa, wasomee barua hii, yote, na jina langu. Usinionee huruma, na Shangazi yako asikuzuie.

Tijani


Ras Mellah, 27 Julai

Baba,

Natumai barua hii inakukuta salama.

Yako ilifika tarehe 24 mchana. Niliisoma nimesimama posta, nikaikunja, nikaitia kifuani. Upepo ulikuwa siku ya tatu. Nilijiambia sitaisoma mbele ya mtu. Nitahamisha kamba, watu watafuata kamba, basi.

Asubuhi ya 25 mimi na waokoaji wawili tuliifunga mbele ya soko la samaki, maboya yote. Saa mbili watu wakaanza kufika, mamia, vikongwe na vichanga, na kila mtu akaelekea kwenye Jabali. Ngoma zilikuwa kule, jukwaa kule. Nilipiga filimbi, niliwasihi. Fundi mmoja wa mabomba akaniambia, "Raudha, baba yako angekuona angekuchapa na hiyo kamba." Watu wakacheka. Bwana Munsif alikuwa amekishika kibao, alichokichukua kwa Shangazi, kama sinia la keki, akanong'ona, "Usituaibishe."

Walikuwa wameshafika maji ya magotini. Mwanamke mmoja alikuwa na pacha, mmoja kila mkono.

Nilipanda kwenye gari la matangazo. Ammi Younes, dereva, alinipa kipaza sauti bila kuuliza. Nikasoma. Nilianza na "Mkondo upo". Nilipofika kwa Mbarka ngoma zilikuwa zimenyamaza. Bwana Munsif alimwambia Ammi Younes, "Zima hiyo." Ammi Younes akabonyezabonyeza, akasema, "Swichi imekwama, bwana." Nikasoma mpaka mwisho. Mpaka viatu mkononi. Mpaka akanishukuru.

Mtu wa kwanza kusogea alikuwa Shangazi. Alitoka majini, akachukua ndara zake, akatembea kuelekea magharibi peke yake, magoti yale yanamuuma, mbele ya mji mzima, bila kuniangalia. Mama wa pacha akamfuata. Halafu wengine.

Vijana watatu walibaki kwa ubishi. Walisema hadithi za wazee hizo, wakajitupa. Wawili walishika Jabali. Wa tatu alikwenda nje kama lile tikiti. Nilijifunga kamba kiunoni nikamfuata, wenzangu wakashikilia upande wa ufukweni, na siku moja nitakueleza yale maji yalivyo, ingawa unayajua. Tulimtoa. Alitapika, akaita mama yake. Yuko hai, Baba. Wote wako hai.

Kibao kimerudishwa manispaa. Mwenye duka la mkate hanijibu salamu. Kuna mtu ameandika neno kwenye kibanda, nimelifuta. Shangazi hakusema nami siku mbili. Leo asubuhi, anachambua dengu, ndipo akasema, "Nilikuwa najiuliza kwa nini siku za Awussu baba yako haogi." Akaendelea kuchambua.

Bwana Munsif ameniita ofisini Jumatatu. Naogopa, lakini si sana.

Na wewe? Nilichokifanya ulikitaka kweli, au uliandika ukiomba nisiwe na ujasiri? Nijibu.

Raudha


Ras Mellah, 9 Agosti

Baba,

Hujajibu, na posta wamechoka kuniona. Hospitali wanasema unakaa bustanini, husemi na mtu.

Kazi sijafukuzwa. Bwana Munsif alitaka nikubali kuandika kwamba barua ilikuwa ya mgonjwa mwenye homa. Nilikataa. Ndipo akasema kamba ibaki ilipo sasa, upande wa magharibi, na bendera nyekundu nitundike mwenyewe nikiona inafaa.

Halafu niliomba ruhusa ya siku moja nikapanda basi kwenda Ain Snouber. Sikukuomba wewe ruhusa.

Baba yake Mbarka amefariki, na mama pia. Yupo mdogo wake, Haniya, mwenye wajukuu. Alinikaribisha kabla ya kujua mimi ni nani, aliniwekea mafuta ya zeituni na mkate wa moto. Nilipomweleza nimetoka Ras Mellah aliacha kumega. Nikamsomea barua. Nimeshaijua bila kuangalia.

Aliniambia baba yao alirudi msimu ule akasema, "Amekwenda mjini na sanduku lake, msinitajie jina lake tena." Hawakulitaja. Haniya alichelewa kuolewa, watu walisema hao wasichana wao ni watoro. Ila mama yao alikuwa akisema jikoni, chinichini, "Sanduku alilitoa wapi? Alitoka hapa na fundo la nguo." Mpaka anakufa anasema hivyo.

Hakunifukuza. Aliuliza jambo moja tu: "Amelala wapi?"

Nilikwenda makaburini niliporudi. Sehemu ya wageni ina vilima kama arobaini na hakuna hata kimoja chenye jina. Mchimba makaburi wa zamani alikufa zamani. Baba, hakuna mwingine duniani anayejua ila wewe. Nakuomba, kama kifua kinakubali kushika kalamu, nichoree. Hesabu kutoka ukutani, au mti, au chochote.

Mwanao,
Raudha


Hospitali, 14 Agosti

Mwanangu Raudha,

Salamu kwako na kwa dada yangu, ambaye najua unamsomea hizi.

Uliuliza kama nilikitaka kweli. Nilipopeleka barua posta nilikitaka. Niliporudi kitandani sikukitaka tena. Siku ya 25 nilishinda kwenye kiti bustanini, naangalia miti ya mikalitusi inapepea upande gani. Barua yako ilipokuja na kusema wote wako hai, niliiweka chini ya mto, sikuweza kuijibu.

Sitakuchorea. Pamebadilika, walijenga ukuta upya, na mchoro ungekupeleka kwenye kaburi la mtu mwingine. Nikisimama pale nitapajua.

Daktari amekataa kuniruhusu. Nimetia saini karatasi yao kwamba nimeondoka kwa hiari yangu, na muuguzi amenipa dawa za wiki mbili na maneno makali. Alhamisi napanda basi. Usinisubiri stendi, kwa sababu sishukii Ras Mellah. Nashukia Ain Snouber. Sijui kama yule mama atanifungulia. Asiponifungulia nitakaa nje ya mlango mpaka mtu atoke. Akikubali, nitakuja naye, yeye na watu wake, moja kwa moja mpaka makaburini. Utukute pale, ulete maji ya kunywa, safari ni ndefu na kuna joto.

Naogopa, Raudha. Nimeogelea kwenye mawimbi ambayo hujayaona na sikuogopa hivi.

Mji ulisomewa na wewe. Haniya nitamwambia mwenyewe.

Baba yako,
Tijani