Mtoto wa Dada

Bumbuli,
Jumapili jioni.

Dada yangu mpenzi Jenoveva,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Edgar na Happiness wetu, na kwamba lile goti lako limekuacha ukae sokoni kwa raha. Huku mvua haijakatika. Mgomba wa nyuma ya nyumba umelala chini na ukungu unaingia mpaka jikoni. Davis wangu ana kikohozi kidogo, ila anakula.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatisha, ningelia, na salio lingeisha kabla sijasema. Mika anayepeleka kabichi Tanga ameahidi kupita hapo Muheza kukupa mkononi.

Dada, unajua nimekaa tu tangu nimalize kidato cha nne, lakini jinsi nilivyokaa hujui. Mume wangu Januari alipokwenda Tanga kutafuta kibarua na simu yake ikaacha kupatikana, nilibaki hapa kwao na mimba. Niliomba kazi dukani, kwa fundi cherehani, shule ya chekechea, kote wakasema watanipigia. Mama mkwe akawa anawaambia wageni kwamba cheti changu hakiivi hata ukikichemsha na magadi. Wakicheka, nami nacheka. Halafu nikaacha kwenda kanisani, maana kila mtu mlangoni ananiuliza siku hizi nafanya nini. Maji nikawa nachota jua la utosini, wenzangu wameshaondoka. Ikafika mahali mtu akinipa salamu ya asubuhi, onga makeo, sauti haitoki mpaka nikohoe kwanza.

Ndipo Paskalina, yule niliyesoma naye, akaja kwenye msiba wa jirani. Alisema kwenye kambi ya chai anakofanya kazi wanatafuta wanawake wa kuchambua majani kiwandani. Nikamwambia mimi sifai tena kusimama mbele za watu. Akanijibu kwamba chai haiangalii sura, nivae viatu. Nikamwachia mama mkwe mtoto kwa siku ile, tukaenda.

Nimepata, dada. Naanza Jumatatu ya wiki ijayo. Najua unataka kupiga kigelegele. Ngoja kwanza, usome.

Kazi ni ya zamu, wote wanalala kambini, na anayenyonyesha hawamchukui. Paskalina alinionya mapema, kwa hiyo njia nzima nilikuwa najifundisha kusema sina mtoto. Nikafika mbele ya karani, Kassimu, akaniuliza jina. Nikamjibu Mama Davis.

Lilitoka lenyewe. Tangu nimzae, hapa nyumbani hakuna anayeniita Imelda. Wanawake kwenye benchi walicheka, mmoja akasema huyu jina lake kalisahau kwenye maji ya ubatizo. Karani hakucheka. Aliweka kalamu chini, akauliza huyo Davis ananyonya au ameacha.

Dada, nikasema Davis ni mtoto wa dada yangu wa Muheza, mimi ni mama yake mdogo, ndiyo wamezoea kuniita hivyo. Nilisema bila kubabaika. Karani akasema basi ni sawa, mtoto wa dada ni wako, akaniandika. Kumbe kwao ni Muheza, na mkewe ananunua machungwa soko hilohilo lako. Akaahidi akienda likizo atapita kuwasalimia, wewe na mwanao.

Nimemkana mtoto wangu mbele za watu ili nipate kazi. Nilirudi nikamkuta amekaa kizingitini, akanyoosha mikono. Nilimbeba, lakini kumtazama usoni sikuweza.

Ziwa nimeshamwachisha. Nilipaka shubiri. Alionja akalia, kisha akashika pindo la khanga yangu akanifuta, akajaribu tena. Nikapaka tena. Siku hizi ananitazama kifuani tu, hasogei.

Nitamleta kwako Jumamosi na nitaondoka akiwa amelala. Mama mkwe hamtaki, anasema mtoto hufuata ziwa. Nakuomba usinijibu kwamba nisubiri kazi nyingine. Nimesubiri mpaka nimeoza, na nikiendelea kukaa humu ndani mtoto atakosa mama hata kama nipo. Naomba umpokee tu.

Na jambo moja lazima ulifanye hata likikuuma. Akianza kukuita mama, mwitikie. Usimfundishe kusema mama mkubwa, maana mtoto hajui kuficha, na mke wa Kassimu ana masikio. Mimi nikija, mwambie amsalimie mama mdogo. Nikichelewa kuitika usinishangae. Nitazoea.

Mpe shemeji shikamoo yangu, na Happiness mwambie ampishe mtoto upande wa ukutani, huwa anaanguka. Mungu awape moyo wa kunivumilia.

Ni mimi mdogo wako, mama mdogo wa Davis,

Imelda